Majivu Hayapimiki

Mwanangu,

Picha zako zimefika. Nilizitazama asubuhi kwenye simu ya dada yako, nikazitazama tena jioni, wenzako wa atelie wakiwa wamenizunguka na kila mmoja akinyoosha kidole. Unasema karakana moja huko Nairobi imekukabidhi gari dogo la Kiingereza, MG TC, la mzee anayetaka kulipeleka kwenye maonyesho ya magari ya kale. Bodi imelegea, mlango wa kushoto unaning'inia kama sikio la mbuzi mgonjwa, na mlipofungua bati mkakuta mbao zimegeuka unga. Mafundi wa chuma wakakuambia, "Wewe ni mtu wa mbao kutoka Kongo, hii ni kazi yako." Ndipo ukaniandikia swali moja: "Papa, nitumie mbao gani?"

Swali lako ni zuri, lakini umerukia la pili. Kwanza niambie: vile vipande vilivyooza umeviweka wapi?

Siulizi bure. Nilipokuwa kijana, katika miaka ile nchi ilipoanza kuitwa Zaire, nilikuwa najifunza kazi hapa Bunia kwa fundi aliyejenga bodi za malori. Siku moja lilikuja lori la mfanyabiashara wa kahawa. Nguzo ya mlango wake wa nyuma ilikuwa imeoza upande wa chini. Mwalimu wangu aliniagiza niitoe, yeye akaenda kutafuta mbao. Niliitoa, nusu ikabaki mikononi na nusu ikamwagika chini kama unga wa muhogo. Mama aliyekuwa akitupikia maharagwe alikuwa analalamika kwamba kuni zake zimelowa. Nikampa ile nguzo. Nilijiona mtu mwema.

Mwalimu aliporudi aliuliza, "Kipande kiko wapi?" Nikajibu, "Kilikuwa kimeoza, mzee." Akageuka akaitazama sufuria iliyokuwa ikitokota, akasema, "Kwa hiyo leo tunakula kipimo." Hakunipiga. Alichota majivu jikoni kwa beleshi, akayamwaga juu ya meza ya kazi, akanipa mita mkononi na kuniambia, "Pima."

Nilisimama pale mpaka maharagwe yakaiva. Nguzo mpya tuliitengeneza kwa kukisia. Tuliitoa na kuirudisha mara nne, na mlango ule haukufunga sawasawa hata siku moja. Ulifungwa kwa kamba mpaka lori lilipouzwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia vijana wote waliopita mikononi mwangu, na wewe ulisikia ukacheka: majivu hayapimiki. Sasa umefika mahali ambapo neno hilo linakuhusu.

Kabla sijafika kwenye kazi yenyewe, nikuondolee aibu. Naona katika barua yako kwamba mafundi wa chuma wanakutania, eti gari la mbao ni gari la kuchezea. Waache wacheke. Shasi ya TC ni ya chuma na injini ni ya chuma, lakini kati ya shasi na lile bati linalopigwa rangi kuna mifupa ya mbao. Ndivyo mabehewa ya farasi yalivyojengwa: seremala alitangulia, mfua bati akafuata, na watengenezaji wa magari walirithi mikono hiyohiyo. Kiwanda cha MG kule Abingdon kilitoa TC kuanzia 1945 hadi 1949, magari 10,000 hivi, na yote yalikuwa na mifupa hiyo. Jaguar walipoonyesha XK120 mwaka 1948 hawakutarajia wanunuzi wengi, kwa hiyo magari ya mwanzo, 240 hivi, waliyajenga kwa alumini juu ya fremu ya mbao. Wanunuzi walipofurika ndipo wakahamia bodi za chuma zinazokandamizwa kwa mashine. Hata MGA ya mwaka 1955, ambayo bodi yake ni ya chuma, iliwekewa sakafu ya plaiwudi, hiyo sisi tunayoiita tripleksi. Na huko Malvern kiwanda cha Morgan, kilichoanza mwaka 1909, bado kinaajiri maseremala mpaka leo. Watu husema Morgan ana shasi ya mbao. Si kweli, shasi yake ni ya chuma au ya alumini, mbao ni mifupa ya bodi. Ukitaka shasi yenyewe ya mbao, watajie gari la Marcos, lililoanzishwa mwaka 1959 na Jem Marsh na Frank Costin: hiyo ilikuwa plaiwudi kwelikweli. Costin alikuwa ametoka de Havilland, kampuni iliyojenga ndege ya vita ya Mosquito kwa mbao. Ndege, mwanangu. Waambie hivyo, kisha urudi kwenye meza yako.

Wewe pia umeijua kazi hii kabla hujaiona MG. Lori linaloingia Bunia limetoka ng'ambo na injini yake na kichwa chake. Sehemu ya kubebea mzigo ni sisi tunaoijenga, na mbao zake ni za msitu wetu. Wenzetu wa Goma wanaendesha chukudu, chombo cha mbao mpaka gurudumu, nacho kinabeba viazi kutoka mlimani bila injini. Hakuna haja ya kumwogopa Mwingereza.

Sasa kazi. Kabla hujatoa hata skrubu moja, ifunge bodi. Mbao zilizooza bado zinashikilia umbo la gari kwa mazoea, kama mzee anayesimama kwa kuegemea ukuta. Ukiziondoa bodi itakaa inavyotaka, na utajenga mbao mpya juu ya umbo lililopotoka. Chukua vyuma vyembamba, ufunge uwazi wa mlango wa kushoto na wa kulia, pembe kwa pembe. Pima mishazari yote miwili ukaiandike. Mlango uwe umewekwa mahali pake wakati unapima, maana nguzo inatengenezwa kwa ajili ya mlango, na mlango ndio utakaokushitaki baadaye.

Ukitoa kipande, kiandike palepale: kushoto au kulia, juu ni wapi, mbele ni wapi, kinashikana na kipi. Usiseme utakumbuka. Kesho asubuhi vipande vyote vitafanana. Kilichomeguka kifunge kwa waya mwembamba au kilaze juu ya ubao mwingine na kukichora pembeni. Unga uliobaki ndani ya kona usiufagie kwanza. Mahali ulipo unga ndipo palipokuwa na mbao, na mpaka wake ni mstari wa kuchora.

Kisha kaa nacho. Usikishike kama mgonjwa, kishike kama barua. Matundu ya skrubu yatakuambia kipande kilifungwa wapi na kwa mwelekeo gani. Pembe ya tundu ni muhimu kuliko tundu lenyewe. Doa jeusi la kutu litakuonyesha mahali chuma kiligusa mbao. Matundu madogo ya misumari ukingoni yatakuonyesha bati lilikunjwa kufikia wapi. Tazama nyuzi za mbao zinakimbilia wapi: fundi yule alichagua ubao ambao nyuzi zake zinafuata mpindo, na wewe ukikata mpindo huohuo katika ubao wa nyuzi zilizonyooka, utavunjika palepale nyuzi zinapokatika. Huenda ukakuta alama ya kalamu ya mtu aliyefariki zamani. Ikiwepo, usiipitishie msasa.

Kumbuka pia kwamba mbao hupungua na kuvimba kwa upana, lakini kwa urefu karibu haibadiliki. Kwa hiyo urefu wa kipande kilichooza uamini. Upana wake uulize mara mbili. Na usipime kwa milimita peke yake. Waliolijenga walifikiri kwa inchi. Ukipata milimita 31 na robo tatu, usishangae wala usikate 32: hiyo ni inchi moja na robo, na ndivyo ilivyochorwa. Ukipata 29 na kitu, jiulize kama si 31 na robo tatu iliyokauka na kuliwa pembeni. Mita ya Bunia na rula ya Abingdon hazigombani, lakini lazima mtu awepo wa kutafsiri, na mtu huyo ni wewe.

Upande ulio mzima utakusaidia upande ulioharibika, lakini kwa tahadhari. Ugeuze kama unavyogeuza kiatu cha kushoto kuwa cha kulia, kisha uujaribu kabla ya kuuamini. Magari haya yalijengwa kwa mikono, na mkono wa mtu wa Jumatatu haukufanana na mkono wa mtu wa Ijumaa. Tofauti ya milimita tatu kati ya pande mbili si kosa la kusahihisha. Ni gari lenyewe.

Kutokana na hayo yote tengeneza gabari, yaani kielelezo cha kukatia. Kata katika tripleksi nyembamba, ijaribu kwenye gari, punguza, jaribu tena. Gabari ikikubali, ndipo uguse mbao ya thamani. Ukikosea kwenye tripleksi umepoteza asubuhi. Ukikosea kwenye ubao uliosubiriwa mwaka mzima umepoteza mwaka.

Ndipo tunafika kwenye swali lako.

Mbao za gari hilo ni za mti wa Ulaya uitwao eshi, ambao sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunauita frene. Sifa yake ni kwamba hauvunjiki upesi: hupinda kidogo, ukarudi, ndiyo maana Wazungu waliufanya mipini ya shoka na ya nyundo. Hushika skrubu vizuri na hukubali kupindwa kwa mvuke. Udhaifu wake ni maji. Ukilowa na kubaki umelowa, unaoza. Basi ugonjwa wa gari lako haukuanza kwenye mbao; ulianza mahali maji yalipoingia na kukosa njia ya kutoka. Na eshi siku hizi haipatikani kama zamani, maana tangu mwaka 2012 imejulikana kwamba kuna ugonjwa wa kuvu unaoiua miti hiyo huko Uingereza.

Najua unachofikiri. Unafikiri: sisi tunayo libuyu, jamaa ya mkangazi, nyekundu na nzuri machoni. Tunao muvula, ambao huko Nairobi wanauita mvule, na mchwa wenyewe wanauheshimu. Kwa nini nihangaike na mti unaooza?

Sikiliza. Libuyu nyuzi zake hupishana. Ukiupiga randa upande huu unalainika, hatua mbili mbele unanyofoka. Kwa kabati ni malkia. Kwa kipande chembamba kilichopinda na kinachotikiswa na barabara, sina hakika nao. Muvula ni mzito, hauzoei kupindwa, na mara nyingine ndani yake kuna jiwe jeupe linalokula meno ya msumeno. Vumbi lake pia linakaba kifua, kwa hiyo jifunge kitambaa. Muvula utakufaa kwenye kipande kinene kilichonyooka kinachokaa karibu na maji. Lakini si wewe wa kuamua hilo peke yako. Mwenye gari akitaka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani, aagize eshi, naye alipe. Akikubali mti wetu, mweleze kwa maneno yasiyo na pembe: ni mti gani, umetoka wapi, una nguvu wapi na una udhaifu wapi. Asije akaambiwa na mtu mwingine kitu ulichokijua.

Mti wowote mtakaochagua, lazima uwe umekauka. Wewe umekulia Bunia, unajua mbao zinavyotufikia: zimepasuliwa kwa msumeno wa mota porini huko Mambasa, zimebebwa kwa mvua, zikifika bado zinatoa maji ukipiga msumari. Mwalimu wangu alihesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, chini ya paa, upepo ukipita katikati. Usipoweza kungoja, pima angalau ujue. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si mwishoni. Sisi tuna bahati ya mizani za wanunuzi wa dhahabu. Huko tafuta mizani kama hiyo. Tuseme kina gramu 120. Kikaushe polepole karibu na moto bila kukiunguza, ukikipima tena na tena mpaka uzito ukatae kushuka. Kikigota kwenye gramu 100, zile 20 zilizotoroka ni maji: ubao wako una asilimia 20. Usiuguse mpaka ukaribie 12. Watu wetu hupima dhahabu kwa mizani ile wakiogopa kuibiwa. Wewe pima mbao, maana maji nayo ni mwizi. Huondoka usiku na kukuachia kiungo kinachocheza.

Mti huo usiutafute kwa kukata mti. Vipande vya gari dogo ni vidogo, na katika kila karakana ya milango kuna mabaki yanayotosha. Msitu wa Ituri umetulisha sote, lakini anayeangusha muvula kwa ajili ya nguzo ya mlango ni sawa na anayechinja ng'ombe kwa ajili ya kiatu kimoja.

Sasa nisikie hapa, kwa maana hapa ndipo vijana wenye vipaji hupotea. Utakapokuwa unatengeneza, utaona makosa ya yule Mwingereza. Utasema, hapa ningeweka nene zaidi. Hapa kiungo hiki ningekifanya kirefu. Na labda una haki. Lakini kipande kimoja kinasemezana na kumi na kimoja. Ongeza milimita tano kwenye nguzo na bati halitarudi mahali pake. Ukilisukuma lirudi, mlango utasugua. Ukipunguza mlango, bawaba zitahama. Na jioni utakuwa umetengeneza gari jingine ambalo halijulikani na mtu yeyote, hata wewe. Ukiwa na wazo bora, liandike, siku moja ujenge gari lako. Hili ni la mwenzio.

Ninakuruhusu jambo moja: umbo usibadili, kinga ongeza. Ncha za mbao, pale nyuzi zinapoishia, ndizo midomo inayokunywa maji; zinyweshe rangi au gundi kabla hazijafungwa. Safisha matundu ya kutolea maji chini ya bodi. Gundi ya kisasa itumie kwenye viungo vya ulimi na tundu, lakini pale kipande kinapofungwa kwa skrubu, kiache kwa skrubu, ili fundi wa miaka hamsini ijayo akitoe bila shoka. Na kama mwenye gari atakuomba pia usukani wa mbao, kataa kuuchonga kutoka kwenye ubao mtupu. Usukani wa mbao ulio salama una duara la chuma au alumini ndani, na mbao zimegandishwa juu yake tabaka kwa tabaka. Mbao tupu ikivunjika kwenye kona, vipande vyake humwingia dereva kifuani. Kuna kazi ambazo uzuri wake hauwezi kulipia damu.

Utasema, Papa, unyenyekevu wote huu kwa ajili ya gari la tajiri? Basi nikuambie jambo ambalo sikuwahi kuliongea nanyi atelie.

Mwezi wa Mei mwaka 2003 vita vilipoingia katikati ya mji, nilifunga atelie kwa kufuli moja nikakimbia na mama yenu na watoto kuelekea Komanda, kisha Beni. Kwenye ukuta niliacha gabari zote za mwalimu wangu, aliyekuwa amefariki. Zilikuwa zimetundikwa kwa msumari kila moja, na jina la aina ya lori limeandikwa kwa mkono wake. Tuliporudi, askari wa Ulaya wa operesheni Artemis walikuwa wameshafika mjini na bunduki zilikuwa zimepungua sauti. Mashine hazikuwepo, lakini hizo sikuzilia. Ukuta ulikuwa mtupu. Katikati ya sakafu kulikuwa na mafiga matatu na majivu. Kuna watu walikuwa na njaa wakapika. Siwalaumu, mimi mwenyewe niliwahi kumpa mama kuni za namna hiyo bila vita.

Nilikaa chini mbele ya majivu yale kama kijana wa zamani mwenye mita mkononi. Halafu nikakumbuka kwamba gabari zimeungua, lakini malori hayajaungua yote. Yapo Aru, yapo Mahagi, yapo njiani. Nikaanza kuyatafuta. Nikiona lori la zamani limesimama sokoni, nilimwomba shofa ruhusa nikaingia chini na mita. Na hapo ndipo nilipomwelewa mwalimu wangu, miaka mingi baada ya kumzika. Malori yote ya aina moja niliyopima yalinipa kipimo kilekile. Alikuwa ametengeneza nguzo ya ishirini kama ya kwanza. Laiti angekuwa mtu wa kuboreshaboresha, leo unene huu na kesho ule, kila lori lingenipa habari yake na nisingejua lipi ni la kweli. Kwa sababu alinakili kwa uaminifu, kila nakala ilikuwa imehifadhi gabari ndani yake. Zile mnazozitumia sasa, zile zilizotundikwa nyuma ya kichwa cha huyu anayeniandikia barua hii, zimetoka tumboni mwa malori.

Hiyo ndiyo sababu, wala si tajiri. Unadhani unatengeneza kipande cha badala. Hujui kama siku moja hicho cha badala ndicho kitakachobaki peke yake duniani, na fundi asiyekujua atakishika mkononi akikuuliza ukweli. Mjibu ukweli.

Kwa hiyo tia alama yako. Mahali pasipoonekana, upande wa ndani, choma kwa chuma cha moto herufi zako, mwaka na jina la mti. Huko maonyeshoni watu hutofautisha kipande cha asili na kipande kilichonakiliwa, na bei hufuata. Atakuja mtu akuombe uchakaze mbao mpya kwa chai na moshi ili iuzwe kama ya kiwandani. Wewe ni mtoto wa Ituri. Umeona shaba iliyopakwa ikiuzwa kama dhahabu, umeona na jinsi muuzaji anavyokwepa barabara fulani maisha yake yote. Nakala iliyotajwa kuwa nakala ni kazi ya heshima. Nakala iliyonyamaziwa ni wizi, hata ikiwa imechongwa vizuri kuliko ya asili.

Na usijipunje. Kipande cha kwanza kitakula siku nyingi. Mwambie mwenye gari bei ya siku hizo bila kuinamisha macho. Cha pili utakitengeneza kwa siku moja kwa sababu una gabari. Kwa hiyo mali yako si kipande, ni gabari. Vipande uza. Gabari tundika ukutani, na nakala yake tuma nyumbani, zikae kuta mbili katika nchi mbili. Mimi nilikuwa na ukuta mmoja.

Ninamalizia na ombi, si amri. Nimekata libuyu, muvula na kaliptusi. Nimekata miti ambayo majina yake nayajua kwa Kilendu tu. Lakini eshi sijawahi kuigusa. Katika picha yako kuna kipande kimoja kirefu, upande mmoja umeoza na upande mwingine bado una rangi ya maziwa yaliyoiva. Ukishatengeneza kipya, ukakifunga, na mlango ukafunga kwa kidole kimoja, usikichome kile cha zamani. Kifunge kwenye gunia, umpe shofa yeyote anayekuja huku. Nataka kukiweka mezani nikione nyuzi zake zinavyokwenda, kabla macho haya hayajaniacha.

Nami nitakipima.